Jedwali la Kuazima

Mwalimu mstaafu Ndahani Masinjisa
alisimama safu ya tatu, ukumbini Mtumba,
ndani ya suti ya mwaka alioagwa shuleni,
akaninyooshea bahasha ya kaki:
"Wewe binti, nani kakunong'oneza
kwamba nimebakiza miaka kumi na miwili na nusu?
Na hiyo nusu,
nitakufa asubuhi au jioni?"

Ukumbi ukaangua kicheko.
Mimi, mtakwimu bima wa Mfuko,
nilikuwa na slaidi thelathini na moja
na sikuwa na jibu la kumpa mtu mmoja.

Ningemwambia: sikujui, Mwalimu.
Nawajua wenzako laki moja
waliotoka kazini siku moja na wewe,
watu ambao hawapo, nimewabuni,
na kila mwaka nawapunguza kwa kalamu ya risasi
hadi mstari wa chini abaki mmoja,
mwenye miaka mia na tatu, asiye na wa kumwamkia.
Awahiye kufa humlipia achelewaye.
Ofisi yetu haina siri nyingine.
Babu zako waliijua kwa mifugo:
mtamba huyu kwa shemeji wa Kongwa,
yule kwa rafiki wa Bahi,
ili ukame ukija usiwakute zizi moja.

Sikusema. Nilisema, "Swali zuri."

Usiku, Nkuhungu, upepo wa Agosti
ukichekecha vumbi kwenye wavu wa dirisha,
nikaisoma upya tanbihi ya ukurasa wa arobaini,
herufi kama sisimizi:
*Jedwali hili limeazimwa.*
Vifo vya nchi nyingine. Vya watu
wanaoteleza kwenye barafu,
wanaopatwa na kiharusi ndani ya lifti
na gari la wagonjwa likafika kwa dakika sita.
Nasi tumewapima walimu wa Mvumi
kwa sanda iliyokatwa kwa kimo cha wageni.

Nikaenda Mvumi.
Rejesta ya vifo ilikuwa na mchwa kuanzia herufi N.
Lakini Mama Yudesi Chilongani,
mtunza hazina wa chama cha kufa na kuzikana,
alifungua sanduku la bati, akatoa madaftari kumi na tisa:
jina, umri, nani alichanga, nani alidaiwa,
sukari kilo ngapi, sanda mita ngapi.
Penye umri usiojulikana aliandika,
"alizaliwa mwaka wa nzige."
"Unahesabu nini?" akaniuliza.
Unachohesabu wewe, nikajibu.
Akacheka, akaniongezea uji wa uwele.

Siku nane, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.
Kilichojitokeza hakikumpendeza mtu:
wanaume wa hapa huanguka mapema kuliko wa jedwali,
ila akishavuka sabini haondoki,
na mkewe haondoki kabisa.

Mtumba tena. Mshauri wa wizara, bila kuinua macho:
"Hii inagharimu kiasi gani?"
Nikataja. Kiyoyozi kikanguruma peke yake.
Mwingine akataka nipunguze wajane, kwenye hesabu tu, alisema.
Nikamwomba aliandike ombi hilo na kulisaini.
Hakuandika.

Miezi saba. Vikao, chai, korosho za kukaanga.
Mwisho, kifungu cha kumi na nne
kikafutwa neno moja, "litakaloazimwa,"
na kwenye kikokotoo tarakimu ya tatu baada ya nukta
ikapanda ngazi moja.
Basi. Hakuna gazeti lililoandika.
Kwa mwalimu wa cheo cha Masinjisa
ni elfu kumi na nane kwa mwezi,
debe la mahindi, na chumvi yake.

Nilimwandikia. Nikamweleza wastani ni nini,
kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kujitahidi,
na kwamba saa ya mtu mmoja siijui, wala haimo.

Jibu lilikuja nyuma ya risiti ya mbolea:
"Basi andika jioni.
Asubuhi namwagilia zabibu."

Nimelitia kwenye jalada.
Sijapata safu ya kuliweka.